Jinsi ya Kupata Picha Safi ya Konsoli ya Michezo kwenye Runinga ya HD

Runinga hutoka kiwandani ikiwa imepangwa ing'ae kuliko zile zitakazowekwa kando yake dukani, na konsoli ya michezo hutoka ikiwa imepangwa ikubaliane na runinga yoyote itakayounganishwa nayo. Ukiviunganisha vifaa hivyo viwili na kuanza kucheza bila kugusa mpangilio wowote, picha itatokea, lakini mara nyingi itakuwa imekatwa kingo, imetiwa makali ya bandia, imekolezwa rangi kupita kiasi, na itachelewa kufuata kile ambacho kidole chako kimeamuru kwenye padi. Kasoro hizo karibu zote hutokana na runinga kufanya kazi nyingi mno. Konsoli huichora kila fremu ikaikamilisha. Runinga inayoipokea fremu hiyo kisha ikainyosha, ikailainisha na kuipaka rangi upya huwa inaharibu kazi iliyokwisha kufanywa. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuzima vitu.

Hatua zimepangwa kwa kufuata safari ya picha kutoka ndani ya konsoli hadi kwenye skrini. Ni vyema zifuatwe kwa mpangilio huo, kwa kuwa anayerekebisha rangi kabla ya kuhakikisha kwamba konsoli na runinga zinaelewana kuhusu kiwango cha weusi atalazimika kuirudia kazi yote. Mwenye konsoli ya zamani isiyo na tundu la HDMI azisome hatua zote, hasa ya nne, kisha atulie kwenye ya mwisho.

Hatua ya 1: Fahamu konsoli inatoa nini na runinga ina pikseli ngapi

Runinga ya Full HD ina pikseli 1920 kwa 1080, na ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160. Ile inayouzwa kwa jina la HD Ready mara nyingi ina pikseli 1366 kwa 768, hesabu ambayo hailingani na ishara ya 720p, yenye pikseli 1280 kwa 720, wala na ile ya 1080p. Mwenye runinga ya aina hiyo asitafute ulinganifu kamili, kwa sababu chochote atakachochagua kitapimwa upya na runinga. Ajaribu 720p na 1080p, asome maandishi madogo ya kwenye menyu ya konsoli, kisha abaki na ile inayosomeka vizuri zaidi.

Kwa upande wa konsoli, historia imegawanyika wazi. NES, SNES, Mega Drive, PlayStation ya kwanza na Nintendo 64 hutoa, kwa sehemu kubwa ya michezo yake, picha yenye mistari 240 tu kutoka juu hadi chini. PlayStation 2, GameCube, Dreamcast na Xbox ya kwanza ziliingia kwenye mistari 480, na Wii iliishia hapo hapo. Xbox 360 ya mwaka 2005 na PlayStation 3 ya mwaka 2006 ndizo zilizoifungua enzi ya HD, ingawa Xbox 360 za mwanzo hazikuwa na HDMI, ambayo iliongezwa mwaka 2007. PlayStation 4 na Xbox One, zote za mwaka 2013, zililenga 1080p. PlayStation 4 Pro ya mwaka 2016 na Xbox One X ya mwaka 2017 zikasogea kwenye 4K. Na PlayStation 5 na Xbox Series X za mwaka 2020 zinaweza kutuma 4K hadi mara 120 kwa sekunde. Nintendo Switch ya mwaka 2017 hutoa hadi 1080p inapokuwa kwenye kituo chake cha runinga, na Switch 2 ya mwaka 2025 hutoa hadi 4K.

Habari njema kwa mwenye runinga ya 4K ni kwamba hesabu zinamfaa: pikseli moja ya 1080p hugeuka kuwa nne kamili, na moja ya 720p hugeuka kuwa tisa kamili.

Hatua ya 2: Chagua kebo na tundu sahihi

Hapa pesa nyingi hupotea bure. Kebo ya HDMI hupitisha tarakimu, na tarakimu ama zimefika ama hazikufika. Kebo ya bei kubwa iliyopakwa dhahabu haiwezi kuongeza rangi wala weusi. Kinachobadilika kutoka kebo moja hadi nyingine ni wingi wa data inayoweza kupita. Kwa 1080p, kebo yoyote nzima iliyoandikwa High Speed inatosha. Kwa 4K mara 60 kwa sekunde, tafuta iliyoandikwa Premium High Speed, ambayo imepimwa kwa gigabiti 18 kwa sekunde. Kwa 4K mara 120, tafuta Ultra High Speed, iliyopimwa kwa gigabiti 48, ambayo kifungashio chake huwa na lebo ya kuthibitisha inayoweza kuskaniwa kwa simu. Kadiri kebo inavyokuwa ndefu ndivyo inavyokuwa vigumu kuufikia uwezo huo, kwa hiyo usinunue ya mita tano ikiwa mita mbili zinafika. Dalili za kebo iliyoshindwa ni chembe nyeupe zinazomemeteka, au skrini kuwa nyeusi kwa sekunde moja na kurudi. Picha iliyofifia si kosa la kebo ya HDMI kamwe.

Matundu ya runinga nayo hayafanani. Runinga yenye matundu manne huenda ikawa na mawili tu, au hata moja, yenye uwezo wa kupokea 4K mara 120, na katika baadhi ya runinga moja kati ya hayo ndilo pia la kupelekea sauti kwenye spika za nje. Soma maandishi madogo yaliyo pembeni mwa tundu au kijitabu cha runinga kabla ya kuamua konsoli ikae wapi. Tena, runinga nyingi huliacha tundu likiwa katika hali ya kawaida hadi wewe mwenyewe uifungue njia pana: kwa Samsung mpangilio huo huitwa "Input Signal Plus", kwa LG "HDMI Deep Colour", na kwa Sony hupatikana chini ya "HDMI Signal Format", ambapo utachagua "Enhanced". Konsoli ikikataa kabisa kuonyesha chaguo la 4K au HDR (mfumo wa picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza), anzia hapo kabla ya kuilaumu.

Ikiwa una kifaa cha sauti kinachokaa katikati ya konsoli na runinga, kumbuka kwamba nacho kina kikomo chake. Kifaa cha zamani kinaweza kuizuia 4K isipite hata kama ncha zote mbili zinaiweza. Unganisha konsoli moja kwa moja kwenye runinga, kisha uirudishe sauti kwenye kifaa hicho kupitia tundu la HDMI lililoandikwa ARC, lile linaloweza kutoa sauti kutoka kwenye runinga.

Hatua ya 3: Panga konsoli kabla ya kugusa runinga

Katika konsoli za sasa, kuacha ubora wa picha kwenye "Automatic" kwa kawaida ni sahihi. Thibitisha tu kwamba konsoli imeisoma runinga ipasavyo: Xbox ina ukurasa uitwao "4K TV details" unaoorodhesha kila kitu ambacho runinga imekubali na kile ilichokataa, na PlayStation 5 ina ukurasa wa taarifa za picha inayotumwa kwa wakati huo. Dakika moja kwenye kurasa hizo huokoa saa nyingi za kubahatisha.

PlayStation 3 inastahili angalizo la pekee. Michezo yake mingi imechorwa kwa 720p, na konsoli yenyewe mara nyingi haiikuzi michezo hiyo hadi 1080p. Mtu akiingia kwenye mipangilio na kuacha alama kwenye 1080p peke yake kwa kudhani kwamba anailazimisha konsoli itoe picha bora, baadhi ya michezo haitalipata chaguo la 720p na itashuka hadi mistari 480. Weka alama kwenye kila kiwango ambacho runinga inakikubali, na uuache mchezo ujichagulie. Xbox 360 haina tatizo hili, kwa kuwa ina sehemu yake ya kukuza picha. Hiyo iweke tu kwenye kiwango kinacholingana na runinga.

Mpangilio unaosababisha malalamiko mengi zaidi ni ule wa "RGB Range", yaani upana wa namba zinazowakilisha rangi nyekundu, kijani na samawati. Katika mfumo wa video, weusi kamili hupewa namba 16 na weupe kamili namba 235. Katika mfumo wa kompyuta, weusi ni 0 na weupe ni 255. Konsoli ikituma kwa mfumo wa pili huku runinga ikisubiri wa kwanza, sehemu zenye giza hugeuka kuwa doa jeusi lisilo na umbo ndani yake. Ikiwa ni kinyume chake, picha yote huonekana kana kwamba imefunikwa na ukungu, na weusi huwa kijivu. Chagua "Automatic" pande zote mbili kwanza. Dalili mojawapo ikibaki, chagua "Limited" kwenye konsoli na "Low" au "Limited" kwenye runinga. Kwa Xbox, mpangilio huu huitwa "Colour space", na chaguo la "Standard" ndilo linalofaa runinga. Hakuna ubora unaopotea kwa kutumia "Limited", maana michezo yenyewe huonekana sawasawa mradi pande zote mbili zimekubaliana. Wanaoshikilia "Full" kwa sababu ya jina lake tu wanajisumbua.

Hatua ya 4: Izuie runinga isiichakate picha

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na haigharimu chochote.

Anza na hali ya michezo, ambayo kwenye menyu nyingi huitwa "Game Mode" au "Game". Mchezo unaokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde huonyesha kila fremu kwa milisekunde 16.7. Runinga inayozihifadhi fremu kadhaa ili izilinganishe na kuzisafisha inaweza kukuchelewesha kwa zaidi ya milisekunde 100, yaani fremu sita nzima kati ya kubonyeza na kuona. Katika mchezo wa kupigana au wa kuruka kutoka jukwaa moja hadi jingine, hiyo ni tofauti kati ya kukwepa na kupigwa. Hali ya michezo huuondoa uchakataji huo, na runinga nyingi za miaka ya karibuni hushuka chini ya milisekunde 20. Runinga na konsoli zenye uwezo uitwao ALLM huiwasha hali hiyo zenyewe mchezo unapoanza, lakini hakikisha kwa macho yako mwenyewe.

Pili, zuia ukataji wa kingo. Runinga za chogo zilificha sehemu ya picha nyuma ya fremu ya plastiki, na watengenezaji wa runinga bapa wakairithi tabia hiyo bila sababu: picha huvutwa kidogo ili kingo zake zitoke nje ya skrini. Madhara yake ni mawili. Ramani au idadi ya risasi iliyo kwenye pembe hukatwa, na, baya zaidi, pikseli moja ya konsoli haikai tena kwenye pikseli moja ya runinga, hivyo picha yote hupata utando wa ulegevu. Kwenye mipangilio ya umbo la picha tafuta "Just Scan" kwa LG, "Screen Fit" au "Fit to screen" kwa Samsung, "Full Pixel" kwa Sony, au "Dot by Dot" kwa Sharp. Wengi wanaoona kingo zimekatwa hukimbilia kwenye konsoli na kuipunguza picha hadi itoshee, kwa kutumia mpangilio wa ukubwa wa skrini uliomo katika PlayStation na Switch. Njia hiyo hurudisha kingo, lakini sasa konsoli inaibana picha na runinga inaivuta, na ulegevu unaongezeka maradufu. Rekebisha runinga kwanza, kisha uweke ukubwa kwenye konsoli uwe asilimia 100.

Tatu, zima nyongeza. Mfumo wa kulainisha mwendo, uitwao "TruMotion", "MotionFlow" au "Auto Motion Plus" kutegemea mtengenezaji, hubuni fremu ambazo konsoli haikuzichora na kuzipachika katikati. Huleta ucheleweshaji na hutia madoa kwenye kingo za vitu vinavyokwenda kasi. Zima pia uondoaji wa chembe, utofautishaji wa kujirekebisha wenyewe, na kiokoa umeme kinachopunguza mwanga chumba kinapokuwa na giza, kwa kuwa hicho cha mwisho kitaivuruga kazi utakayoifanya katika hatua inayofuata.

Ukali wa picha, yaani "Sharpness", unahitaji uangalifu. Mpangilio huu hauongezi maelezo yoyote. Huchora mstari mweupe kando ya mstari mweusi ili jicho lidanganyike. Fungua ukurasa wa konsoli wenye maandishi meusi juu ya rangi iliyopoa, sogea karibu, kisha shusha namba mpaka kivuli cheupe kinachozunguka herufi kitoweke, na usimame hapo hapo. Si kila runinga huwa na sifuri kama hali ya kutogusa kitu: kwenye runinga nyingi za Sony kiwango hicho ni 50, na ukishuka chini yake picha huanza kufifishwa.

Hatimaye, ipe njia ya HDMI jina linalofaa. Katika runinga za Samsung na LG, kulibadilisha jina la tundu liwe "PC" huifanya runinga ipokee rangi za kila pikseli bila kuzipunguza, na maandishi mekundu au ya samawati huwa makali zaidi. Faida hii huonekana kwenye michezo yenye maandishi mengi; kwa mingine huenda usiione.

Hatua ya 5: Pima weusi, weupe na rangi

Chagua aina ya picha iliyo karibu na sinema badala ya ile inayong'aa sana, kisha weka joto la rangi kwenye "Warm". Kwa siku mbili tatu picha itaonekana ya manjano, kwa sababu macho yamezoea weupe uliotiwa samawati. Baada ya hapo ile ya zamani ndiyo itakayokuchukiza. Weupe wa Kelvini 6500, ambao ndio kipimo cha wachoraji wa michezo na watengenezaji wa filamu, unakaribiana na chaguo hilo.

Kisha tenganisha mipangilio miwili inayochanganywa mara kwa mara. "Backlight" huamua taa ya nyuma itoe mwanga kiasi gani, na unaweza kuupandisha au kuushusha kulingana na chumba bila kuharibu chochote. "Brightness", katika runinga nyingi, huamua weusi uanzie wapi, na huo ukikosewa picha yote huharibika. Runinga mpya za Sony zimegeuza majina: humo "Brightness" ndiyo taa, na "Black level" ndio weusi. Tumia ukurasa wa kupima mwanga ambao michezo mingi huuonyesha mara ya kwanza, ule wenye alama inayotakiwa kuonekana kwa shida, lakini uwe umekwisha kuweka runinga sawa kwanza. Ukurasa huo ni wa kurekebisha mchezo mmoja, nao hauwezi kuiponya runinga iliyopangwa vibaya.

Hatua ya 6: HDR, ikiwa runinga inaistahili

Runinga nyingi za bei nafuu hupokea ishara ya HDR bila kuwa na mwanga wa kutosha kuionyesha. Katika runinga hizo, kuwasha HDR hufanya picha iwe na giza kuliko ilivyokuwa, na ushauri wa kweli ni kuizima kwenye konsoli na kuendelea na maisha. Lisikusumbue jina lililobandikwa kwenye kasha.

Kwa runinga inayoiweza, fuata utaratibu huu. Washa kwanza njia pana ya HDMI iliyoelezwa katika hatua ya 2. Kisha, kwenye mipangilio ya HDR ya runinga, tafuta chaguo liitwalo HGiG, ambalo huiambia runinga isibane wala isinyoshe mwanga unaotumwa, kwa kuwa konsoli itafanya hivyo yenyewe; kama halipo, zima upangaji wa mwanga unaojibadilisha. Baada ya hapo ingia kwenye ukurasa wa kurekebisha HDR wa PlayStation 5, au ule wa Xbox uitwao "HDR Game Calibration". Utaonyeshwa alama juu ya eneo jeupe na nyingine juu ya eneo jeusi, na utatakiwa kupandisha au kushusha mpaka alama iwe karibu kupotea. Konsoli hujifunza hapo kikomo cha runinga yako, na michezo inayoufuata mfumo huo haitatuma mwanga unaokipita. Anayefanya upimaji huu kabla ya kuchagua HGiG huwa anapima ubashiri wa runinga badala ya uwezo wake, na ndiyo sababu mpangilio wa hatua unapewa uzito hapa.

Kwenye PlayStation 5, weka HDR iwake pale tu mchezo unapoikubali. Ikiachwa imewaka wakati wote, michezo isiyo ya HDR hubadilishwa kwa nguvu, na rangi zake mara nyingi hazitoki sawa.

Hatua ya 7: Fremu 120 na mwendo unaobadilika

Chaguo la 120 lina faida hata kwa mtu asiyecheza michezo ya kasi. Baadhi ya michezo hutoa mpangilio wa fremu 40 kwa sekunde, ambao huhitaji runinga ya 120 kwa sababu 120 hugawanyika kwa 40 bila baki, ilhali 60 haigawanyiki. Fremu moja hukaa milisekunde 25, kiwango kilicho katikati kabisa ya milisekunde 33.3 za fremu 30 na 16.7 za fremu 60, na kwa macho ya wengi mwendo huwa laini bila mchezo kupoteza urembo wake.

VRR, yaani mwendo wa skrini unaobadilika, huiruhusu runinga isubiri fremu badala ya kuonyesha kwa saa maalumu, hivyo picha haikatiki katikati konsoli inapozidiwa. Iwashe pande zote mbili. Kwenye PlayStation 5 hufanya kazi kati ya mara 48 na 120 kwa sekunde, kwa hiyo haiusaidii sana mchezo uliofungwa kwenye fremu 30. Katika baadhi ya runinga, hasa za OLED (zile ambazo kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe), VRR huleta kupepesa kwenye maeneo ya giza. Ukiliona hilo, izime kwa mchezo husika.

Hatua ya 8: Konsoli za zamani

Hapa ndipo runinga za kisasa hushindwa zaidi, na si kwa sababu michezo ni mibovu. Ishara ya 480i huituma mistari ya namba witiri kwanza, kisha ya namba shufwa, na runinga huiunganisha kuwa picha moja. Konsoli za mistari 240 zilifanya ujanja wa kutuma mistari ile ile kila mara bila kupishana, jambo ambalo runinga za chogo zililikubali kwa urahisi. Runinga nyingi za HD hazitambui ujanja huo. Huidhani ishara hiyo kuwa 480i na kujaribu kuunganisha nusu ambazo hazipo. Matokeo yake ni kingo zenye meno, ucheleweshaji, na hata vitu kupotea: kivuli au mhusika anayepepesa kila baada ya fremu moja anaweza kutoweka kabisa au kuonekana kama wavu wa chujio. Runinga nyingine hukataa ishara ya mistari 240 moja kwa moja kupitia matundu ya rangi tatu.

Anza kwa kuboresha kebo. Kebo ya tundu moja la manjano huchanganya mwanga na rangi zote katika waya mmoja, na runinga haiwezi kuvitenganisha bila kuacha madoa yanayotambaa kwenye kingo. S-Video hutenganisha mwanga na rangi, na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kebo ya matundu matatu ya kijani, samawati na nyekundu ni bora zaidi, na ndiyo ninayomshauri mwenye PlayStation 2, Wii au Xbox ya kwanza. SCART, kebo ya tundu pana la runinga za Ulaya, ikiwa na RGB, yaani rangi tatu zikipita kila moja kwenye waya wake, inawafaa wenye SNES nyingi, Mega Drive na PlayStation ya kwanza. NES ya kawaida haitoi RGB, na Nintendo 64 ya kawaida nayo huhitaji kufanyiwa kazi ndani. Inafaa kukiri kwamba usafi huo una gharama ndogo: baadhi ya michezo ya Mega Drive ilichora maporomoko ya maji kwa mistari ya wima iliyotegemea uchafu wa kebo ya manjano ili maji yaonekane kama yanapenya mwanga, na kwa RGB mistari hiyo huonekana waziwazi.

Baada ya kebo, iombe konsoli itoe picha kamili pale inapoweza. Wii ina mpangilio wa 480p, yaani mistari yote 480 kwa pamoja bila kupishana, kwenye menyu yake, unaofanya kazi kwa kebo ya matundu matatu. Baadhi ya michezo ya PlayStation 2 huingia 480p ukishikilia pembetatu na X kwa pamoja mchezo unapowaka, na ile ya GameCube inayokubali 480p hufanya hivyo ukishikilia B, mradi konsoli ina tundu la kidijitali ambalo matoleo ya baadaye yaliondolewa. Dreamcast hutoa 480p kwa kebo ya VGA. Kwa konsoli za mfumo wa PAL, ule wa runinga za Ulaya na kwingineko, ukiulizwa kati ya mara 50 na 60 kwa sekunde mwanzoni mwa mchezo, chagua 60: michezo mingi ya zamani ambayo haikurekebishwa kwa ajili ya 50 huenda polepole kwa karibu asilimia 17 na huacha ukanda mweusi juu na chini.

Runinga mpya nyingi hazina tena matundu hayo ya zamani, na hapo ndipo kifaa cha katikati kinapohitajika. Jihadhari na visanduku vidogo vya bei ya chini vinavyogeuza waya za manjano, nyeupe na nyekundu kuwa HDMI. Maandishi ya 1080p yaliyo juu yake hueleza kinachotoka, na hayasemi lolote kuhusu namna picha ilivyokuzwa. Vingi hufanya kosa lile lile la kuidhani mistari 240 kuwa 480i, kisha huinyosha picha ijaze skrini nzima. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya michezo, kama OSSC na vile vya RetroTINK, huitambua mistari 240 na kuizidisha kwa namba kamili bila kuongeza ucheleweshaji unaohisika. Hesabu yenyewe ni rahisi: mara tatu hufikia 720, mara nne hufikia 960 na kuacha ukanda wa mistari 60 juu na mwingine chini kwenye skrini ya 1080, na mara tisa hufikia 2160 kamili. Kwenye skrini ya 1080 wengine huchagua mara tano, ambayo hukata mistari michache ya kingo. Kwa michezo mingi ya SNES, inayotumia mistari 224, hasara hiyo ni ndogo sana.

Vyovyote utakavyounganisha, rudisha umbo la 4:3. Michezo hiyo ilichorwa kwa skrini ya aina hiyo, na kuinyosha hadi 16:9 huwafanya wahusika wote kuwa wafupi na wanene. Kanda nyeusi za pembeni ziache zilivyo. Mwenye runinga ya OLED asizionyeshe kwa saa nyingi kila siku bila kubadilisha kinachoonyeshwa, kwa sababu sehemu zinazowaka na zisizowaka huchakaa kwa kasi tofauti, na vipimo vya uhai vilivyobaki mahali pamoja huweza kuacha alama ya kudumu.

Jambo moja halina tiba katika hatua zote hizi. Bastola za mwanga za konsoli za zamani, kama ile ya NES na zile za PlayStation ya kwanza, hutegemea mwanga wa runinga ya chogo na wakati hasa unapotokea kwenye skrini. Runinga bapa haichori hivyo. Kwa michezo hiyo, tafuta runinga ya chogo nzima na uitunze.